Vipimo Mia na Arobaini na Viwili

Orbók Vendel hakuwa na piano. Hakuwa na fidla, wala mahali pa kuiweka kama angeipata, maana chumba chake cha ghorofa ya tatu kilijaa kitanda, meza, jiko la gesi na gramafoni, basi. Hakuwa na pingili ya juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Mtambo wa kukereza chuma uliichukua mwaka wa arobaini na tisa. Hakuwa na mke tangu Etelka alipofariki. Hakuwa na sauti ya kuimba. Hakuwa na cheti chochote isipokuwa cha kuzaliwa na cha chanjo ya ndui, kwa kuwa shule aliiacha akiwa na miaka kumi na moja, baba yake aliporudi kutoka vitani bila miguu. Na zaidi ya hayo yote hakuwa na uvumilivu, hata chembe, kwa kitu kichafu: glasi yenye alama ya midomo, meza yenye makombo, hesabu iliyolazimishwa.

Alichokuwa nacho ni masikio mawili mazima, kalipa ya chuma ya kupimia ambayo kiwanda kilimzawadia alipostaafu, na fremu tupu ukutani. Fremu ile aliinunua Etelka wiki ileile Vendel alipojiandikisha katika chuo cha jioni cha wafanyakazi, kozi ya muziki ya miaka mitatu. Msumari aliupigilia mwenyewe, juu ya meza ya kulia.

"Iwe inakutazama kila ukinywa kahawa," alisema. "Ukileta cheti tunakitia humo. Ukishindwa, natia picha ya mama yangu."

Vendel hakuwahi kupatana na mama mkwe wake, kwa hiyo alisoma kwa bidii. Etelka akafariki mwaka wa pili wa kozi, na fremu ikabaki ukutani inatazama.

Sasa ulikuwa mwezi wa Machi 1973. Kati ya Vendel na cheti kulibaki kazi moja tu ya kuandika: uchambuzi wa sehemu ya tatu ya kwarteti ya pili ya marehemu Harkai Tivadar, muziki wa fidla mbili, viola na selo. Kazi itakayokuwa bora kuliko zote ingechapwa katika kitabu cha kuadhimisha miaka ishirini na mitano ya chuo, pamoja na jina la mwandishi.

Mwalimu wa kozi alikuwa Daktari Lánczy Benedek, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye shingo nene na marashi ya kutangulia mlangoni. Daktari alikuwa na nadharia, nadharia ilikuwa na kitabu, na kitabu ndicho kilichompa cheo. Alifundisha kwamba Harkai alijenga muziki wake kwa safu ya hesabu ambayo kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia: tatu, tano, nane, kumi na tatu, na kuendelea hadi themanini na tisa na mia na arobaini na nne. Safu hiyo, alisema, unaikuta kwenye tunda la msonobari, kwenye alizeti na kwenye koa la baharini, na unaikuta katika sehemu ya tatu ya kwarteti ya pili, ambayo ina vipimo, yaani vile vyumba vidogo vya noti vilivyotengwa kwa mistari ya wima, mia na arobaini na vinne kamili, na kilele chake kiko katika kipimo cha themanini na tisa. Wanafunzi waliandika. Wengi wao walikuwa wametoka kazini moja kwa moja, wamechoka, na tunda la msonobari ni kitu kizuri kukifikiria ukiwa umechoka.

Vendel naye aliandika. Lakini yeye alikuwa na kitabu cha noti na alikuwa na sahani ya muziki wenyewe.

Mara ya kwanza alipoiweka sahani hiyo alidhani sindano ya gramafoni imeharibika. Mara ya tano alianza kusikia watu wanne. Mara ya kumi na mbili hakutaka tena kuzima. Selo inaanza peke yake, noti tano zinazozunguka na kurudi kama mkanda wa mashine, ila mapigo ni matano, kisha saba, kisha matano, hivi kwamba mguu wa msikilizaji kila ukitaka kukanyaga unakuta sakafu imesogezwa. Viola inaingia juu yake na wimbo mfupi, noti nne zilizobanana kama watu kwenye benchi la hospitali. Fidla ya pili inauiga wimbo huo ikiwa nusu ya kipimo nyuma. Fidla ya kwanza nayo inaugeuza juu chini: pale ulipopanda, unashuka. Fidla zote mbili na selo zimevaa vibano vya kufifiza sauti, zinanong'ona. Viola peke yake haina, inazungumza kwa sauti ya kawaida, kama mtu asiyejua kwamba kuna mgonjwa chumbani. Na katika kipimo cha mia na tatu wote wanne wanaangukia noti moja, re, kwa nguvu zao zote, wakivuta nyuzi mpaka zinagonga ubao. Baada ya hapo ni mabaki tu: pinde zinapitishwa karibu kabisa na daraja linalobeba nyuzi, sauti zinakuwa za kioo kinachokwaruzwa, vidole vinateleza kwenda chini, na selo inairudia ile safari yake ya noti tano, kisha nne, kisha tatu, kisha mbili, kisha moja. Mstari mzito wa mwisho. Basi.

Vendel alihesabu vipimo. Kitabu hakikuvipa namba, kiliweka herufi tu hapa na pale, kwa hiyo ilibidi avihesabu kimoja kimoja. Vilikuwa mia na arobaini na viwili. Akahesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo. Mia na arobaini na viwili. Akanywa kahawa, akafuta meza, akahesabu mara ya tatu akiweka nukta ya penseli chini ya kila kimoja. Mia na arobaini na viwili. Na katika kipimo cha themanini na tisa, pale kwenye kilele cha Daktari, hapakuwa na kitu isipokuwa viola kudonoa uzi mara moja, sol moja, na wenzake watatu wamenyamaza.

Mwanamke aliyeidonoa ile sol kwa mara ya kwanza duniani alikuwa anaishi mlango wa nne, ng'ambo ya roshani ndefu inayozunguka ua wa jengo. Tárkányi Sarolta alikuwa na miaka sabini na moja, alivuta sigara kama kiwanda, na aliacha kupiga viola vidole vyake vilipopinda. Vendel alimkuta anakanda unga.

"Nabusu mkono, Bibi Sarolta."

"Busu basi, usitangaze tu. Tahadhari, mkono una unga."

"Nimekuja kuuliza kuhusu kipimo cha themanini na tisa."

"Wengine wanakuja kuomba chumvi." Alisukuma kiti kwa mguu. "Kaa. Sehemu gani?"

"Ya tatu. Pale unapodonoa peke yako."

Sarolta aliacha kukanda. Kisha akaanza kucheka, kicheko kilichogeuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda wake. "Lánczy bado anawahubiria ile? Kilele cha siri?"

"Anasema ni roho pweke inayobisha hodi."

"Vendel, mzee wangu, nifungulie kabati lile. La chini. Folda ya kijani."

Ndani ya folda mlikuwa na karatasi zake za noti za mwaka wa thelathini na sita, zimekuwa rangi ya chai. Akafunua kwa nyuma ya mkono ili asizipake unga, akamwelekeza kwa kiwiko. Juu ya kipimo cha themanini na tisa palikuwa na mwandiko mdogo wa penseli wa Harkai, umeinama kulia, ukimwita Sarolta kwa jina la kifupi: *Sári, hapa donoa sol moja tu, usubiri. Wenzako wanavua vibano.*

"Wanavua vibano," Vendel alisoma tena.

"Sasa wangevipigaje vile vishindo vya mia na tatu wakiwa wamefunga midomo? Walihitaji nafasi. Bódi wa selo alikuwa mzito wa mikono, kila mara kibano kilimwangukia. Tivadar akasema, Sári atatushikia mlango."

"Na wewe kwa nini hukuwa na kibano? Daktari ameandika kurasa nne juu ya jambo hilo. Upweke wa binadamu wa kisasa."

"Changu nilikisahau kwenye treni ya kutoka Szeged." Alirudia kukanda. "Siku ya mazoezi ya kwanza. Tivadar akasikiliza, akasema acha hivyohivyo, inapendeza. Ndiyo upweke wenyewe huo, fundi. Uko kwenye stoo ya vitu vilivyopotea."

Vendel hakucheka. Alijisikia vyema kwa namna ambayo hakuwa ameisikia tangu kiwandani, pale kipande cha chuma kinapoingia mahali pake bila kulazimishwa. Mtu alikuwa amelitatua tatizo la mikono mizito ya mwenzake kwa noti moja, na noti ile ikawa nzuri. Hilo lilikuwa kubwa kuliko tunda lolote la msonobari. Akaenda kuliandika, kurasa kumi na tisa, kwa mwandiko wa kusimama wima.

Daktari Lánczy alimwita ofisini Jumamosi asubuhi. Alikuwa anakula. Juu ya meza, juu ya kitabu cha noti cha Harkai kilichofunguliwa, palikuwa na karatasi ya mkate na vipande vya soseji nyekundu ya pilipili, na Daktari alikuwa akikata kwa kisu kidogo, akitia mdomoni, kisha analamba kidole gumba na cha shahada na kufunua ukurasa. Analamba, anafunua. Kila ukurasa ulibaki na alama ya mafuta mekundu kwenye pembe. Moja ilikuwa imeangukia juu ya fidla ya pili, palepale inapoanza kuiiga viola. Vendel aliitazama alama ile.

"Ndugu Orbók, karibu, karibu. Kipande?"

"Nimeshakula, Ndugu Daktari."

"Nimesoma kazi yako. Nzuri mno. Mwandiko tu, mtu anatamani kuubusu." Alilamba kidole, akafunua kazi ya Vendel. Ukurasa wa kwanza ukapata alama yake. "Ila hapa kuna kasoro ndogo. Unahesabu kama karani wa ghala."

"Nimehesabu mara tatu."

"Sikatai. Vilivyoandikwa ni mia na arobaini na viwili, hata mimi najua. Lakini kuna vipimo viwili vya kimya mwishoni. Selo inapiga tano, nne, tatu, mbili, moja. Kinachofuata ni nini? Sifuri! Kimya kinachosikika. Jumla mia na arobaini na vinne."

Vendel alifikiri. Hakutaka kuwa mtu wa kukataa kwa sababu ya kukataa. "Basi sifuri ingekuwa kipimo kimoja. Kwa nini vipimo viwili, si kimoja?"

"Kwa sababu vinahitajika viwili."

Alisema hivyo akitafuna, bila aibu, kama mtu anayetaja saa ya treni.

"Ndugu Daktari," Vendel alisema, "nimekereza vyuma miaka thelathini na nane. Mhimili ukitoka mfupi kwa milimita mbili, hatukumwambia mkaguzi kwamba hizo mbili ni chuma kinachosikika. Tuliutupa."

Lánczy akacheka kwa kupenda kweli, akajifuta kidevu kwa kiganja. "Hiyo nitaitumia darasani! Sikiliza, baba. Dibaji ya kitabu cha kumbukumbu naandika mimi. Dibaji inasema mia na arobaini na nne. Kazi bora inafuata, ya kwako, nataka iwe ya kwako, nimeshamwambia mkurugenzi: mkereza chuma wa zamani, mjane, mwanafunzi wa mfano. Itasemaje mia na arobaini na mbili? Msomaji atafikiri nini?"

"Atafikiri ahesabu."

"Atafikiri chuo hiki hakijui kinachofundisha. Na hiyo hadithi ya vibano na treni, yule bibi kizee..." Alipunga kisu. "Ni umbea wa jikoni, si elimu. Badilisha namba mbili na ufute aya moja. Ukiikataa, mimi sina chuki, lakini kazi inayopingana na misingi ya kozi siwezi kuipitisha. Utarudia mwaka. Una miaka mingapi?"

"Sitini na nane."

"Unaona," Lánczy alisema kwa upole, akalamba kidole.

Vendel alirudi nyumbani kwa miguu ingawa tramu ilikuwepo, maana hakutaka kushika nguzo iliyoshikwa na watu. Alinawa mikono. Akainawa tena. Jumapili mchana kutwa alikaa mbele ya kurasa zake kumi na tisa, chini ya fremu. Alijiambia mambo mengi ambayo mtu hujiambia. Kwamba ni namba mbili tu. Kwamba Harkai amekufa na hatasoma. Kwamba Etelka alipigilia msumari ule akiwa tayari ana maumivu na hakumwambia. Hili la mwisho ndilo lililoushika mkono wake na kuuongoza. Ilipofika saa kumi alikuwa ameandika upya: vipimo mia na arobaini na vinne, kilele katika kipimo cha themanini na tisa. Aya ya vibano aliifuta. Mwandiko ukatoka safi kabisa, bila doa, na alipoutazama aliona mdomoni ladha ya soseji ambayo hakuila.

Juni walimpa cheti. Mkurugenzi alimkumbatia, picha ikapigwa, ukumbi ukapiga makofi, na binti mmoja wa kiwanda cha sabuni akamletea maua. Vendel alikitia cheti katika fremu jioni ileile. Kilitosha sawasawa, maana Etelka alikuwa ameuliza chuoni ukubwa wa cheti kabla ya kununua. Asubuhi iliyofuata alikunywa kahawa na cheti kikamtazama, naye akahamia upande wa pili wa meza, akakipa mgongo.

Mwezi wa Julai kikaja kifurushi kutoka kwa mchapaji: nakala ya majaribio ya kazi yake, na kikaratasi cha kumtaka aisome na kuirudisha ndani ya siku saba, kimya chake kikihesabika kuwa kibali. Jina lake lilikuwa juu, kwa herufi nene. Alilipitishia kidole kifupi. Mtu wa miaka kumi na moja aliyetolewa shuleni akaliona jina lake limechapwa, na kwa muda wa dakika moja hivi alifurahi bila kificho.

Kisha akasoma. Ukurasa wa kumi na nne aligundua sentensi tatu ambazo hakuziandika.

Mlango ukagongwa kwa teke. Alikuwa Sarolta, mikono yote miwili imeshika sahani iliyofunikwa kwa taulo.

"Fungua mlango, msomi! Nimekuletea madonge ya plamu. Nasikia umekuwa mtu mkubwa hata salamu hakuna tena."

Ilikuwa kweli, tangu Aprili alipita roshani ya upande wa pili ili asikutane naye. Sarolta aliingia, akaiona fremu, akasimama. "Haa! Kimefika. Etelka angelia machozi." Akamtazama. "Mbona una sura ya mtu aliyemeza kibano?"

Vendel akamkabidhi zile kurasa, akimwonyesha mahali. Sarolta alivaa miwani na kusoma kwa sauti, akiigiza lafudhi ya redio:

"'Mimi ni mfanyakazi wa kawaida, sikusomea muziki utotoni. Lakini masikio ya mfanyakazi hayadanganyiki. Nilipofumba macho nilivisikia waziwazi vipimo vile viwili vya kimya, na katika mdono wa viola nilikitambua kilele.'" Alianza kucheka. "Nani kaandika upuuzi huu? Lánczy?"

"Hizo sentensi tatu ni za Lánczy."

"Na mengine?"

"Mengine ni yangu."

Alifunua nyuma, akasoma kimyakimya, midomo ikienda. Vendel aliona kicheko kinamtoka usoni kidogokidogo, kama maji yanavyotoka kwenye beseni. Akazilaza kurasa mezani, akazinyoosha kingo.

"Uliuona ule mwandiko wa Tivadar," alisema. "Uliusoma mara mbili jikoni kwangu."

"Niliusoma."

"Bódi alikufa kwenye kazi za kulazimishwa mwaka wa arobaini na nne. Hana kaburi. Alichobakiza hapa duniani ni mikono mizito, na nafasi ambayo Tivadar aliitengeneza kwa ajili ya mikono hiyo. Nilidhani umeelewa. Nilikwenda kulala siku ile nikisema, afadhali, kuna mtu mmoja anajua."

Vendel alitamani atukanwe. Sarolta hakumtukana. Alivuta kiti, akaifunua sahani. Harufu ya siagi na mdalasini ikajaa chumbani.

"Kula. Nimekuletea kumi."

Vendel akatazama. Tabia ni tabia, akahesabu. "Ni manane, Bibi Sarolta."

"Kumi. Mawili hayaonekani, lakini masikio ya mfanyakazi yatayasikia."

Akaichukua sahani yake, akaifunika taulo, na kwenda zake. Mlango hakuupiga. Aliurudisha taratibu, na hilo ndilo lililomuumiza Vendel zaidi.

Alibaki amekaa. Uchafu alioubeba tangu Machi alikuwa ameudhania kuwa ni wa Lánczy: ulimi wake, kidole chake, mafuta yake mekundu. Sasa alijinusa mwenyewe. Lánczy alikuwa ameongeza sentensi tatu tu. Alizipachika kwenye kitu kilichokuwa tayari kimeoza, na aliyekiozesha alikuwa na mwandiko wa kusimama wima. Miaka thelathini na nane hakupitisha mhimili mfupi hata mmoja, alijisifia hilo baa, alijisifia hilo hata kwenye mazishi ya mkewe, Mungu amsamehe. Na huu aliupitisha. Akauremba na maua ya binti wa sabuni juu yake.

Alisimama, akaishusha fremu. Alizikunja pini za nyuma kwa ncha ya kalipa, moja moja, bila kuharakisha, na kutoa cheti. Kioo alikifuta pande zote mbili kwa gazeti na siki. Akaitundika fremu tena mahali pake, tupu, kisha akachukua karatasi nyeupe na kuandika:

*Kwa Kamati ya Kitabu cha Kumbukumbu.*

*Ndugu Wanakamati, naizuia kazi iliyo chini ya jina langu isichapwe. Sehemu ya tatu ya kwarteti ya pili ya Harkai Tivadar ina vipimo mia na arobaini na viwili. Nilivihesabu mara tatu mwezi wa Machi nikapata hivyo, kisha nikaandika mia na arobaini na vinne kwa sababu nilitaka cheti. Katika kipimo cha themanini na tisa hakuna kilele. Wapigaji watatu wanavua vibano, na viola inawashikia mlango. Mwandiko wa mtunzi unaoeleza hivyo uko kwa Bibi Tárkányi Sarolta, jengo letu, mlango wa nne, atauonyesha kwa anayetaka kuona. Sentensi tatu za ukurasa wa kumi na nne si zangu. Zilizobaki zenye uongo ni zangu. Cheti nilichopewa kwa ajili ya kazi hiyo nakirudisha humu, kwa kuwa sikukipata kwa haki. Nitarudia mwaka, kama chuo kitanipokea.*

*Orbók Vendel, mkereza chuma.*

Aliisoma barua yote tena, akaweka nukta ya penseli chini ya kila namba, akazifuta.

Posta ilikuwa karibu kufungwa kwa chakula cha mchana. Binti wa dirishani, mwenye nywele zilizorundikwa kama keki ya harusi, alitazama bahasha kubwa ambayo ilikuwa bado wazi.

"Ifunge basi, babu. Gundi ipo tayari, unalamba tu."

"Silambi."

"Ulimi umeisha?"

"Nina kinyaa, mwanangu. Nipe sifongo."

"Loo! Watu wazima na maringo yao." Lakini alimsukumia kijisahani chenye sifongo yenye maji. "Haya, bwana harusi. Ndani kuna nini cha thamani, tukiandikishe?"

"Cheti."

"Cha nani?"

"Cha mtu mwingine," Vendel alisema. "Kilinifikia kwa makosa."

Alipitisha sifongo kwenye ukingo wa gundi, mara moja, kutoka pembe hadi pembe, akakunja, akabana kwa kiganja kizima, na kuhesabu mpaka kumi ili ishike. Kingo zote zilikaa sawa. Binti akaichukua, akabandika kikaratasi cha barua ya rejesta, akainua muhuri na kuugonga mara mbili. Kisha akaitupia nyuma yake, ndani ya gunia la barua za mjini.